TV imezima: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Maswali tunayoulizwa ni yaleyale kila wiki. Sauti ipo lakini picha hakuna, nitupe? Fundi anataka elfu sita, nimpe? Mtoto amerusha rimoti, kioo kimepasuka, kinabadilishwa? Jibu la yote linategemea jambo moja: ndani ya TV kimekufa nini.

TV bapa nyingi za leo zina vitu vitano tu vya maana: bodi ya pawa, bodi kuu, bodi ya tikoni inayopeleka picha kwenye kioo, taa za nyuma ya kioo ambazo mafundi huziita baklaiti, na kioo chenyewe. Vinne vya kwanza hubadilishwa. Kioo, kwa hesabu ya mfukoni, hakibadilishwi: kipya hukaribia bei ya TV nzima, na kile cha kuchomolewa kwenye TV nyingine lazima kilingane namba kwa namba. Kwa hiyo usianze na bei ya fundi. Anza kwa kujua ugonjwa, na kazi hiyo unaifanya mwenyewe sebuleni kwa nusu saa.

Vya kuwa navyo

- Tochi (ya simu inatosha) na chumba unachoweza kukitia giza
- Simu yenye kamera
- Chaja ya simu au taa ya mezani, ya kupimia soketi
- Waya wa HDMI wa pili, hata wa kuazima kwa jirani
- Fyuzi mbili za plagi, za ampea 3 au 5
- Kalamu na karatasi
- Risiti na kadi ya waranti, kama bado unazo

Bisibisi haimo kwenye orodha, na haikusahauliwa. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita kubwa linaloshika volti 340 hivi, na kwenye TV nyingi hufika karibu 400. Ukichomoa plagi, chaji hiyo inaweza kubaki humo. Kama hujui kuimwaga na kuipima kwa mita, mgongo wa TV usiufungue.

Hatua

1. Tafuta risiti kwanza. TV nyingi huuzwa na waranti ya mwaka mmoja, baadhi miwili. Ikiwa bado imo ndani ya muda, irudi ilikonunuliwa. Fundi wa mtaani asiiguse. Stika ya kwenye skrubu ikichanika, waranti imekwenda. Ila ujue mapema kwamba kioo kilichopasuka na maji yaliyoingia kwa kawaida haviingii kwenye waranti yoyote.

2. Ondoa lawama zisizo za TV. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Haichaji, tatizo ni la soketi. Kisha ondoa ekstensheni na ile TV gadi (kikinga umeme), uchomeke TV moja kwa moja ukutani kwa jaribio hili tu. TV gadi hukawia kuruhusu stima baada ya kukatika, na stima ikiwa ya kupanda na kushuka inaweza isiruhusu kabisa. Mtu akaona giza akadhani TV imekufa. Halafu fungua plagi, badilisha fyuzi. TV ya inchi 32 hula wati 60 hivi, yaani robo ampea kwa volti 240, kwa hiyo fyuzi ya 3 inatosha kabisa. Ukiweka mpya nayo ikaungua papo hapo, simama. Kuna shoti ndani, na kuiongezea fyuzi kubwa ni kuongeza moto.

Rimoti ipime kwa kamera ya simu: ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe chochote, utaona nukta ya mwanga wa zambarau ikimetameta. Kamera ya nyuma isipoonyesha, jaribu ya mbele, maana nyingine huchuja mwanga huo.

3. Ipumzishe. Chomoa plagi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kilicho kwenye TV yenyewe, shikilia sekunde 30. Iache dakika kumi, kisha chomeka. TV iliyogoma baada ya stima kukatika na kurudi ghafla mara nyingine huamka kwa hili tu, na fundi asingekwambia bure.

4. Soma taa ndogo ya mbele. Haiwaki kabisa: bodi ya pawa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Inawaka nyekundu bila kuyumba lakini TV haiitikii: rimoti, kitufe au bodi kuu. Inapepesa: hesabu. Watengenezaji wengi huzipa pepesa hizo maana, kwa mfano mara sita, kimya, mara sita tena. Andika idadi, na piga video fupi. Fundi anayejua kazi atakuuliza hiyo kabla ya jambo lolote.

5. Jaribio la tochi. Hili ndilo muhimu kuliko yote, na wengi waliotupa TV nzima hawakulifanya. Washa TV, weka chaneli yenye picha inayotembea au fungua menyu, zima taa za chumba. Ikaribishe tochi kwenye kioo kwa upande, si kwa kuielekeza uso kwa uso, umulike polepole. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo ni kizima, bodi kuu ni nzima, tikoni ni nzima. Kilichokufa ni baklaiti au sehemu inayoziendesha. Hiyo ni habari njema: TV inatengenezeka.

Dalili mwenzake ni picha kutokea sekunde moja au mbili kisha giza, sauti ikiendelea. Taa hizo zimefungwa kwa mfuatano kwenye mikanda, ikifa moja njia ya umeme inakatika, na bodi ikiona hivyo inajikinga kwa kuzima zote.

6. Kisome kioo chenyewe. Fungua menyu ya TV, si ya king'amuzi. Mistari ikiipita na menyu pia, ugonjwa uko ndani ya TV. Menyu ikiwa safi na mistari ikaonekana kwenye chaneli tu, badilisha waya wa HDMI kabla ya kumtafuta mtu.

Ufa, doa jeusi kama wino uliomwagika, au utandu kama wa buibui: kioo kimekwisha, ruka mpaka hatua ya 9. Mstari mmoja mwembamba wa wima usiokoma ni viunganishi vya ukingoni mwa kioo vimeachia. Vinaunganishwa kwa mashine maalumu, si kwa chuma cha kulehemu, na matokeo huwa ya kubahatisha. Mstari mmoja watu huishi nao miaka. Rangi zilizogeuka kama negativu ya picha, au kioo cheupe chote kisicho na kitu, huanzia mara nyingi kwenye tikoni au waya bapa unaoiunganisha, na hapo pana matumaini.

Vidoa vyeupe vya mviringo vilivyojipanga, vinavyong'aa kuliko sehemu nyingine, huwatisha watu bure. Ni vilenzi vilivyokaa juu ya taa, gundi imeachia kwa joto, vimedondoka. Kioo hakina neno. Hurudishiwa, au mikanda yote hubadilishwa.

7. Nusa, kisha chungulia matundu ya nyuma. Plagi iwe imechomolewa. Harufu ya kuungua ni ya bodi. Kwa huku kwetu Mombasa kuna wahalifu wawili ambao vitabu vya maelekezo haviwataji. Wa kwanza ni mjusi kafiri, anayependa ujoto wa bodi ya pawa usiku. Akigusa sehemu mbili kwa pamoja, amekufa yeye na bodi. Kinyesi chake juu ya ukingo wa TV ni ushahidi wa kutosha. Wa pili ni hewa ya chumvi. Katika nyumba za Nyali, Bamburi, Mji wa Kale au Likoni zinazopokea upepo wa bahari moja kwa moja, hewa hiyo hula viunganishi: utaona ukungu mweupe au kijani kwenye matundu ya HDMI na ya antena. Kama nje pameshakuwa kijani, ndani ni zaidi, na hilo liingie kwenye hesabu yako ya mwisho. Bodi iliyoanza kuliwa husafishwa kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, lakini chumvi ikiwa imeingia chini ya chipu, leo utatengeneza hiki na mwezi ujao kile.

8. Piga picha ya kibandiko cha nyuma, uombe bei. Namba ya modeli yote, mpaka herufi za mwisho. TV mbili za jina moja na ukubwa mmoja zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa. Wapelekee mafundi wawili au watatu picha hiyo pamoja na video ya dalili, uulize hivi:

- Fundi, unadhani ni kifaa gani, na ukifungua ukakuta si hicho, gharama ya kufungua ni ngapi?
- Spea ni mpya au imetoka kwenye TV nyingine?
- Bei ya spea ni ngapi, na ya mkono ni ngapi?
- Unaipa dhamana ya muda gani, na utaiandika?
- Kioo kikivunjika mikononi mwako, nani analipa?

Swali la mwisho ni la lazima kwa kazi ya baklaiti. Ili kuzifikia, kioo lazima kinyanyuliwe chote, na cha inchi 50 kwenda juu ni chembamba kama karatasi ngumu. Kinataka watu wawili. Fundi anayeudhika kwa swali hilo mwachie kazi yake.

9. Piga hesabu. Unahitaji namba tatu, na bei uliyonunulia TV haimo. Hiyo ilishakwenda.

Namba ya kwanza ni bei ya leo ya TV mpya inayolingana na yako. Zunguka maduka ya mjini, Digo Road mpaka Moi Avenue, uulize. Ya pili ni gharama yote ya matengenezo pamoja na usafiri. Ya tatu, ambayo watu huisahau, ni bei ya mzoga: fundi atakununulia TV mbovu kwa shilingi ngapi. Ipunguze kwenye bei ya mpya.

Tuseme mpya ni 16,000 na mzoga unakwenda 2,500. Kwa hiyo mpya inakugharimu 13,500. Baklaiti ni 3,500 na usafiri 500, jumla 4,000: haifiki theluthi moja ya 13,500, tengeneza. Bodi kuu ikiwa 6,500 na usafiri uleule, jumla 7,000: imevuka nusu, nunua. Bila kukumbuka mzoga ungeona 7,000 ni chini ya nusu ya 16,000, ukatengeneza, ukakosea.

Kipimo chetu: chini ya theluthi, tengeneza, juu ya nusu, nunua. Katikati, angalia umri na ugonjwa. TV ya chini ya miaka minne yenye tatizo la pawa au baklaiti inastahili. Iliyopita miaka sita, au iliyokwisha kutengenezwa mara moja kwa tatizo hilohilo, iache. Na kama hatua ya 7 ilikuonyesha chumvi, jihesabie miaka miwili zaidi juu ya umri wake halisi. Kipimo hicho ni cha ukali, lakini mtu wa pwani atatuelewa.

10a. Ukiamua kutengeneza. Tia alama ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye bodi zinazoonekana, au piga picha fundi anapofungua mbele yako. Bodi kubadilishwa kimyakimya si jambo la kusimuliwa tu. Usafirishe TV ikiwa imesimama, kamwe isilazwe, kitambaa laini mbele ya kioo, mikono ishike fremu. Tuktuk inafaa, bodaboda haifai hata kwa inchi 24. Ukivuka na feri ya Likoni, keti nayo pembeni mbali na msukumano wa mlangoni, kioo kikielekea kwako.

Kwa baklaiti, sisitiza mikanda yote ibadilishwe. Ukibadilisha taa moja iliyokufa, zilizobaki zina umri uleule na zitaifuata. Ikishapona, iachwe ikiwaka saa mbili kwa fundi kabla hujalipa salio. Nyumbani, ingia kwenye menyu ya picha ushushe nguvu ya baklaiti mpaka 60 au 70 kati ya 100. TV nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa juu ili zivutie, na joto hilo ndilo linalozimaliza.

10b. Ukiamua kununua. TV ya kioo kilichopasuka bado ina bodi nzima na mikanda ya taa. Ya bodi iliyoungua bado ina kioo kizima, nayo ndiyo yenye bei zaidi. Iulizie bei kwa mafundi wawili tofauti, uchukue ya juu. Kama inawaka, ifute kwanza irudi ilivyotoka kiwandani, la sivyo akaunti zako za video zinakwenda nayo. Kwenye mpya hakikisha inapokea mawimbi ya dijitali ya DVB-T2, ndiyo yanayotumika Kenya tangu analojia ilipozimwa mwaka 2015. TV kuukuu za kutoka Uingereza nyingine zina DVB-T pekee, zitadai king'amuzi. Za kutoka Marekani soma kibandiko: ikiandikwa volti 120 peke yake bila 240, usiichomeke ukutani.

Makosa yanayoua TV iliyokuwa inaweza kupona

Kupuliza dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye kioo. Tone hutiririka hadi ukingo wa chini, na kwenye TV nyingi hapo ndipo vilipo viunganishi vya kioo. Unaamka na mistari. Lowesha kitambaa, usiloweshe TV.

Kuweka waya badala ya fyuzi ya bodi. Fyuzi iliyopasuka na kuwa nyeusi inasema kuna kitu kimepiga shoti mbele yake. Ukiipitisha kwa waya, kilichobaki kinaungua pia, na nyumba imo hatarini.

Kubadilisha kapasita lililovimba kwa lolote lililopo. Maikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile au zaidi, na joto liwe nyuzi 105, si 85. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari kina joto lake tayari kabla TV haijawaka.

Kubonyeza kioo ili mstari uondoke. Utaondoka, utarudi na wenzake.

Dalili na pa kuanzia

*Inajizima baada ya dakika chache, ikipoa inawaka tena.* Kapasita za pawa zimechoka, au matundu yamezibwa na vumbi na iko ndani ya kabati. Itoe kwenye kabati kwanza, siku mbili, ndipo umwite fundi.

*Inawaka, nembo inatokea, inazima, inarudia.* Programu imeharibika au kumbukumbu ya bodi kuu imechoka. Fundi ataiflashi, yaani ataiwekea programu upya, kwa USB. Programu iwe ya namba ileile ya bodi. Ikiwa si yake, TV inaweza isiwake tena kabisa. Ikirudia ugonjwa ndani ya wiki chache, ni kumbukumbu, na hesabu ya hatua ya 9 ianze upya.

*Picha imegeuka ya buluu au zambarau.* Rangi ya juu ya taa za baklaiti imeungua. Bado inawaka, lakini mikanda inahesabu miezi. Ikiwa kioo ni safi, tengeneza sasa.

*Picha ipo, sauti hakuna.* Angalia kama sauti imeelekezwa kwenye spika ya Bluetooth au tundu la HDMI. Kisha spika, ambazo ni rahisi. Mwisho bodi kuu.

*Matundu ya HDMI hayasomi, mengine yanasoma.* Kutu ya chumvi, au radi iliyopitia kwenye waya wa king'amuzi. Tumia tundu linalosoma. Hakuna haja ya kulipia bodi.

*Bado una TV ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa.* Isifunguliwe na mtu asiyeijua: bomba lake hutunza maelfu ya volti. Na spea zake sasa ni za kuchomoa kwenye nyingine iliyokufa, kwa hiyo pesa yoyote utakayoitia humo ihesabu ni ya mapenzi.

*Imenyeshewa, bati lilivuja wakati wa masika.* Usiiwashe kujaribu. Chomoa, isimamishe kivulini penye upepo siku mbili au tatu, isianikwe juani wala isipulizwe kikausha nywele. Kama maji yalikuwa ya mvua na yaliingia mgongoni tu, mpe fundi aoshe bodi kwa alkoholi kabla ya stima kupita. Kama yalifika ukingo wa chini wa kioo na ukaona mawingu yaliyojichora ndani, uza mzoga kabla haujaingia kutu.